Tiba ya Mwanga kwa Vidonda vya Miguu vya Wenye Kisukari: Inavyofanya Kazi, Mipaka Yake na la Kufanya Leo

Madaktari katika nchi kadhaa, zikiwemo Brazil na Italia, wamekuwa wakijaribu njia ya kupambana na vidonda vya miguu vilivyoambukizwa kwa watu wanaoishi na kisukari. Njia hiyo hutumia vitu viwili: rangi maalumu inayopakwa kwenye kidonda na mwanga unaomulikwa juu yake. Kitaalamu huitwa tiba ya fotodainamiki.

Ni habari inayotia moyo, kwa sababu kidonda cha mguu ndicho kinachowapeleka wagonjwa wengi wa kisukari kwenye meza ya upasuaji kukatwa kidole, wayo au mguu mzima. Lakini pia ni habari inayoweza kumpotosha mtu. Tiba inayotolewa na madaktari chini ya uangalizi ni tofauti na taa ndogo zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kuponya kila kidonda, na mgonjwa anayesubiri muujiza wa taa huku mguu ukioza anaweza kuupoteza mguu huo katika muda wa siku chache.

Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni nini, majaribio yameonyesha nini, mipaka yake iko wapi, na hatua ambazo mkazi mwenye kisukari anaweza kuchukua leo katika kituo cha afya kilicho karibu naye.

Kwa nini kisukari hushambulia miguu

Sukari inapokaa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu mambo matatu kwa pamoja.

Kwanza, huharibu neva za miguu. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi, kuwashwa au kuchomwachomwa kama sindano, kisha hisia hupotea polepole. Anaweza kukanyaga mwiba, kutembea siku nzima na kijiwe ndani ya kiatu au kuungua kwa maji ya moto bila kujua. Maumivu ambayo humwambia mtu mwingine “simama, uangalie mguu wako” kwake hayapo.

Pili, mishipa ya damu huwa myembamba na migumu. Damu inayofika vidoleni hupungua, na pamoja nayo hupungua oksijeni, chakula cha ngozi na dawa alizomeza mgonjwa.

Tatu, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hufanya kazi kwa ulegevu sukari ikiwa juu. Bakteria wanaoingia kwenye mkwaruzo mdogo hupata nafasi ya kuzaana kabla mwili haujajibu.

Mambo haya matatu yakikutana, lengelenge lililosababishwa na kiatu kipya linaweza kuwa kidonda, kidonda kikaingia usaha, na usaha ukafika kwenye mfupa. Zaidi ya visa 8 kati ya 10 vya kukatwa mguu kwa watu wenye kisukari hutanguliwa na kidonda. Maana yake ni kwamba kila kidonda kinachopona ni mguu ulioepushwa na hatari.

Kwa nini dawa za kumeza wakati mwingine hazitoshi

Kidonda kilichoambukizwa hutibiwa kwa antibiotiki. Dawa hizi zimeokoa maisha ya wengi na bado ndizo nguzo ya matibabu. Hata hivyo, katika mguu wa mgonjwa wa kisukari hukutana na vikwazo.

Kikwazo cha kwanza ni njia. Dawa husafiri kwa damu. Pale ambapo damu haifiki vizuri, dawa nayo hufika kidogo.

Kikwazo cha pili ni utando. Bakteria walioishi kidondani kwa muda mrefu hujenga utando laini unaonata, na hujificha chini yake kwa makundi. Ndani ya utando huo huweza kustahimili kiasi cha dawa ambacho kingewaua kama wangekuwa peke yao.

Kikwazo cha tatu ni usugu. Baadhi ya bakteria, kama vile aina sugu za Staphylococcus aureus na Pseudomonas aeruginosa, hawasikii tena dawa kadhaa za kawaida. Usugu huu huchochewa na watu wanaonunua antibiotiki dukani bila kupimwa, wanaomeza nusu dozi, au wanaogawana dawa na jirani.

Hapo ndipo watafiti walipoanza kutafuta silaha isiyotegemea damu kuifikisha kidondani, na ambayo bakteria hawawezi kuizoea kwa urahisi.

Rangi, mwanga na oksijeni

Tiba ya fotodainamiki huhitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja: rangi inayonasa mwanga, mwanga wa aina inayolingana na rangi hiyo, na oksijeni.

Rangi inayotumiwa mara nyingi ni methileni bluu, ambayo hutumika pia katika maabara kupaka vijidudu ili vionekane kwa hadubini. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na mwanakemia Mjerumani Heinrich Caro. Rangi hii hushikamana na bakteria. Ikikaa gizani, kazi yake ni ndogo. Lakini ikimulikwa kwa mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 660, hunasa nguvu ya mwanga huo na kuihamishia kwenye oksijeni iliyo karibu.

Oksijeni iliyopokea nguvu hiyo hubadilika kuwa kali sana kwa muda mfupi mno. Huchoma chochote kilicho jirani nayo: ukuta wa bakteria, protini zake na vinasaba vyake. Kwa kuwa hushambulia sehemu nyingi kwa wakati mmoja, ni vigumu kwa bakteria kujenga kinga dhidi yake jinsi wanavyojenga dhidi ya antibiotiki inayolenga sehemu moja. Ndiyo maana hata bakteria sugu kwa dawa za kawaida huweza kuuawa kwa njia hii.

Katika chumba cha matibabu, hatua hufuatana hivi. Kidonda husafishwa na nyama iliyokufa huondolewa. Rangi, ikiwa ya maji au ya jeli, hupakwa na kuachwa kwa muda ili ipenye. Kisha mwanga humulikwa kwa kipimo kilichowekwa, huku mgonjwa na mhudumu wakiwa wamekinga macho. Baada ya hapo kidonda hufungwa kwa bandeji safi. Mara nyingi tiba hurudiwa mara kadhaa, na mgonjwa huendelea na dawa zake nyingine.

Si wazo la jana

Ingawa inasikika kama jambo jipya, msingi wake uliwekwa zaidi ya miaka 120 iliyopita. Mwaka 1900, mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, Ujerumani, Oscar Raab, akifanya kazi chini ya Profesa Hermann von Tappeiner, aliripoti kwamba vijidudu vya majini vilivyotiwa rangi ya akridini vilikufa haraka vikipigwa na mwanga, ilhali vilivyokaa gizani viliishi muda mrefu zaidi.

Katika kipindi hicho hicho, daktari Niels Finsen wa Denmark alikuwa akitibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga mkali uliokusanywa kwa lenzi. Kazi yake ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1903.

Antibiotiki zilipokuja, mwanga uliwekwa kando kwa maradhi ya bakteria, kwa kuwa kumeza kidonge kulikuwa rahisi zaidi. Ni ongezeko la usugu wa dawa lililowarudisha watafiti kwenye wazo hili la zamani.

Majaribio yameonyesha nini

Brazil ni mojawapo ya nchi zilizolifanyia kazi suala hili kwa muda mrefu. Katika chuo cha udaktari cha ABC kilichoko Santo André, jimbo la São Paulo, timu ya daktari João Paulo Tardivo ilichapisha mwaka 2014 matokeo ya wagonjwa 34 wa kisukari ambao maambukizi ya miguu yao yalikuwa yamefika kwenye mfupa. Wagonjwa 18 walipewa tiba ya rangi na mwanga pamoja na matibabu ya kawaida, na 16 walipata matibabu ya kawaida pekee. Katika kundi la kwanza mgonjwa mmoja alikatwa kiungo. Katika kundi la pili wote 16 walikatwa.

Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo iliyowafanya wataalamu wa nchi nyingine kugeuza macho. Lakini wagonjwa 34 ni wachache. Katika utafiti wa tiba, matokeo mazuri ya kundi dogo huhitaji kurudiwa kwa makundi makubwa, katika hospitali tofauti, na wagonjwa wakipangwa kwa bahati nasibu, kabla ya kuitwa ushahidi kamili.

Nchini Italia, mwaka huo huo wa 2014, yalichapishwa matokeo ya jaribio lingine lililohusisha wagonjwa 62. Hapa wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipakwa jeli yenye dawa inayonasa mwanga kwa viwango tofauti, wengine jeli isiyo na dawa, kisha wote wakamulikwa mwanga mwekundu. Idadi ya bakteria kidondani ilishuka mara baada ya tiba kwa waliopata dawa, na ilishuka zaidi kadiri dozi ilivyoongezwa. Jaribio hilo lilipima bakteria na usalama. Halikuundwa kujibu swali kubwa zaidi: je, miguu mingapi iliokolewa?

Kwa hiyo picha iliyopo ni hii: mwanga na rangi hupunguza bakteria kidondani, na kuna dalili njema kwamba huenda vikasaidia kuokoa miguu. Ushahidi bado unajengwa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 kuhusu maambukizi ya miguu ya wenye kisukari haukuiweka tiba hii miongoni mwa nguzo za matibabu, na haimo katika huduma za kawaida za zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti nchini Kenya.

Mipaka ya mwanga

Hata pale inapotolewa, tiba hii ina mipaka ambayo mgonjwa anapaswa kuielewa.

Mwanga hauzami mbali. Hata mwanga mwekundu, unaopenya kuliko rangi nyingine, hufika milimita chache tu ndani ya nyama. Usaha uliojificha chini kabisa au ndani ya mfupa haufikiwi kwa kumulika juu ya ngozi.

Mwanga hauleti damu. Mguu ambao mishipa yake imeziba unahitaji mishipa hiyo ichunguzwe na, inapowezekana, ifunguliwe.

Mwanga hauondoi mgandamizo. Kidonda kilicho chini ya wayo kikiendelea kukanyagwa kila siku, hakitapona hata kikimulikwa kila siku.

Tena mwanga haushushi sukari. Mgonjwa ambaye sukari yake imebaki juu hurudi na kidonda kingine.

Jua, jiko na taa za mtandaoni

Watu wengine wakisikia kwamba mwanga hutibu, huamua kuanika mguu juani au kuukaribisha kwenye jiko la makaa. Hilo ni hatari kubwa. Tiba ya fotodainamiki haitumii joto. Mguu wenye ganzi ukiwekwa karibu na moto au jua kali huungua bila mwenyewe kuhisi, na kidonda kimoja huwa viwili.

Vivyo hivyo, taa nyekundu inayouzwa mtandaoni bila rangi maalumu, bila kipimo na bila kidonda kusafishwa si tiba iliyojaribiwa Brazil au Italia. Hata rangi ya zambarau inayojulikana kama GV, ambayo familia nyingi huweka nyumbani, haipaswi kupakwa kwenye kidonda cha mguu wa mtu mwenye kisukari kwa matumaini kwamba jua litamaliza kazi. Rangi hiyo huficha wekundu na weusi ambao mhudumu wa afya anahitaji kuuona.

Onyo hili linahusu pia majivu, chumvi, dawa ya meno na samadi. Vitu hivi huingiza uchafu kidondani na huiba muda, na muda ndio kitu ambacho mguu huo hauna.

Tiba inayookoa miguu leo

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kinachookoa miguu haihitaji mashine ya gharama. Mgonjwa anapofika kituoni na kidonda, haya ndiyo anayopaswa kutarajia:

1. Kupimwa sukari na kurekebishiwa dawa au insulini.

2. Kupimwa hisia kwa uzi maalumu wa plastiki unaobonyezwa kwenye wayo, na kupapaswa mpigo wa damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo.

3. Kidonda kusafishwa na nyama iliyokufa kukatwa na mtaalamu. Ikishukiwa kuwa mfupa umeguswa, mguu hupigwa picha ya eksirei.

4. Kupewa antibiotiki ikiwa kuna dalili za maambukizi. Kwa maambukizi ya nyama, dawa huchukua kwa kawaida wiki 1 hadi 2. Maambukizi ya mfupa usiofanyiwa upasuaji huweza kuhitaji wiki 6. Kuacha dawa katikati kwa sababu “mguu umepata nafuu” ni kuwafundisha bakteria usugu. Kidonda kisicho na maambukizi hakihitaji antibiotiki.

5. Kuondoa uzito kwenye kidonda kwa plasta maalumu, kiatu cha kupunguza mgandamizo, pedi au magongo.

6. Kurudi kliniki kwa tarehe iliyopangwa ili kidonda kipimwe na bandeji ibadilishwe.

Dalili ambazo hazisubiri kesho

Mtu mwenye kisukari anapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo akiona moja kati ya haya:

• Kidonda kinachotoa usaha au harufu mbaya.

• Wekundu, au ngozi inayozidi kuwa nyeusi kuliko kawaida, unaosambaa sentimita 2 au zaidi kutoka ukingo wa kidonda. Kwa ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane vizuri, hivyo joto na uvimbe ndivyo vya kuangaliwa.

• Kidole au sehemu ya mguu iliyobadilika kuwa nyeusi na baridi.

• Mguu uliovimba ghafla na kuwa moto hata kama hakuna kidonda.

• Homa, kutetemeka, kutapika au kuchanganyikiwa.

Kutokuwepo kwa maumivu si dalili ya usalama. Kwa mgonjwa aliyepoteza hisia, kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa zaidi.

Dakika tano kila jioni

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wataalamu wa kisukari wanashauri mazoea haya ya nyumbani:

Angalia miguu yote miwili kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtu wa nyumbani amsaidie.

Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu, ukiyapima kwanza kwa kiwiko, kisha ukaushe vizuri kati ya vidole. Usiiloweke kwa muda mrefu. Paka mafuta sehemu kavu, lakini si katikati ya vidole.

Usitembee peku, hata ndani ya nyumba au uani. Kabla ya kuvaa viatu, vikung'ute na upitishe mkono ndani kutafuta kijiwe, msumari au mwiba. Akala na ndara zinazobana au kuacha vidole wazi shambani huongeza hatari.

Kata kucha moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Usikate sugu kwa wembe. Panapokuwa na funza, usiwatoe kwa pini au mwiba. Nenda kituoni watolewe kwa usafi.

Acha sigara. Tumbaku huzidi kubana mishipa ambayo kisukari kimekwisha kuibana.

Mahali pa kuanzia

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu asilimia 88 ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Wengi hugundua wana kisukari wakati tayari wana kidonda. Kupimwa mapema ndiko kunakovunja mnyororo huo.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao walikabidhiwa vifaa vyao vya kazi mwezi Septemba 2023, wana kipima sukari katika mikoba yao na wanaweza kumpima mkazi nyumbani kwake na kumwelekeza kituoni. Zahanati na vituo vya afya vya umma, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hutoa huduma za msingi zinazogharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa waliosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Usajili hufanywa kwa kubonyeza *147# kwenye simu, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Kidonda kinachohitaji upasuaji au kulazwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya ngazi ya juu.

Kila mwenye kisukari ana haki ya kuangaliwa miguu angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi ikiwa amewahi kupata kidonda au amepoteza hisia. Katika kliniki, mgonjwa asisubiri kuulizwa. Avue viatu na soksi, na amwombe daktari au muuguzi amwangalie.

Ikitokea siku moja tiba ya mwanga ikathibitishwa na kufika hospitali zetu, itamfaa mgonjwa ambaye bado ana mguu wa kutibiwa. Kazi ya kuulinda mguu huo inaanza jioni ya leo, kwa beseni la maji ya uvuguvugu, taulo kavu na macho yanayoangalia kwa makini.